Lori kuukuu la jeshi: bei ya mnada ni mwanzo tu

Mvua zikishashika Kaliua na Urambo, Fuso zikaanza kulala njiani na marobota ya tumbaku mgongoni, mazungumzo ya vijiweni hugeukia magari ya jeshi. Mmoja anasema yanauzwa bei ya bodaboda tatu. Mwingine anasema raia haruhusiwi kabisa kumiliki gari la namna hiyo. Wa tatu ana shemeji yake Kasulu aliyeambiwa kuna mtu kambini anaweza "kulitoa". Wote watatu wanaongelea vitu tofauti kwa jina moja, na katika mchanganyiko huo ndimo watu wanamoliwa hela.

Kwa hiyo tuanze na jina. Kuna gari la jeshi lililo kazini: lina namba zenye herufi JW, ni mali ya JWTZ, na haliuzwi na mtu yeyote, awe mkubwa wa kikosi au mtunza stoo. Tabora ina kambi ya Milambo na JKT Msange. Kigoma ina JKT Bulombora, Kanembwa na Mtabila. Macho ya watu wa huku yameyazoea malori ya kijani, na mazoea hayo ndiyo mtaji wa matapeli. Anayekuuzia gari "la kambini" kwa makubaliano ya pembeni anakuuzia kesi ya kukutwa na mali ya Serikali. Hata likiwa bovu limeota majani uani, bado ni mali ya Serikali mpaka lifutwe kwa taratibu zake.

Kuna gari lililokwisha kufutwa. Limekaguliwa, likaonekana halifai kuendelea na kazi, likapata kibali cha kuuzwa, likatangazwa kama mali chakavu. Hili raia ananunua kihalali. Halafu kuna la tatu, ambalo wengi hulisahau: lori lililostaafishwa na jeshi la nchi nyingine, likauzwa huko kwao kwa raia au kampuni, kisha likaingizwa nchini kupitia bandari kama gari lingine lolote la mtumba. Uingereza, Ujerumani na Marekani zina mifumo ya wazi ya kuuza malori hayo; shirika la Ujerumani la VEBEG, kwa mfano, kazi yake ni kuuza mali ambazo Serikali haizihitaji tena. Malori ya Kirusi kama ZIL-131 na Ural yametapakaa duniani kwa sababu Urusi ya zamani ilitengeneza mengi kuliko ilivyoweza kuyatumia.

Na hapa jibu la yule wa pili kijiweni: lori la mizigo lisilo na deraya wala silaha si kifaru. Hata forodha inavitenganisha. Vifaru na magari ya deraya yana kundi lake, 8710. Lori la kubeba mizigo liko 8704, kundi lilelile la Fuso na Scania. Ila nchi linakotoka inaweza kuwa na masharti yake kabla ya kuliruhusu litoke, ikiwemo leseni ya kusafirisha nje na maelezo ya nani atalitumia na kwa kazi gani. Muuzaji wa huko asiyetaka kuzungumzia leseni hiyo anakuachia wewe uizungumzie na mamlaka, wakati hela yake ameshapokea.

Mnada wa Serikali una lugha yake, na kila neno lina gharama. Tangazo husema mali inauzwa "kama ilivyo, mahali ilipo". Kama ilivyo, maana yake ukikuta gia boksi haina kitu ndani, hiyo ndiyo uliyonunua. Mahali ilipo, maana yake kulivuta mpaka gereji ni juu yako. Ndiyo maana huwa kuna siku za kukagua kabla ya mnada, na ndiyo maana wazoefu hawaendi na macho yao peke yao. Huenda na fundi, tochi na waya wa kupimia oili. Matangazo mengi yanataka amana ya asilimia 25 papo hapo na salio lote ndani ya siku 14. Ukishindwa kumalizia, unakosa gari na amana hairudi. Malipo ya Serikali hupita kwa kontroo namba. Anayekutaka utume kwa namba ya simu, hata akiwa amevaa koti na kushika faili, achana naye.

Sasa kadi, ambayo kwangu mimi ndiyo gari lenyewe. Lori la Serikali likiuzwa haliendelei kutembea na namba za Serikali. Vibao vya zamani vinarudishwa, na TRA inalisajili upya kwa namba ya T kama magari ya raia wengine. Utahitaji TIN, hati ya mauzo ya mnada, stakabadhi ya malipo na barua ya taasisi iliyouza. Kuna jambo la kodi pia ambalo huwashtua wengi. Magari ya Serikali, ya balozi na ya miradi ya wafadhili mara nyingi huingia nchini kwa msamaha wa kodi, na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 iko wazi kwamba msamaha unamfuata aliyepewa, haulifuati gari. Likishauzwa kwa asiye na msamaha, kodi inafufuka. Kabla hujanyoosha mkono mnadani, uliza nani anailipa, na jibu lipatikane kwa maandishi.

La kutoka nje lina ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, tozo nyingine za bandarini, na ushuru wa ziada pale umri wa gari unapovuka kiwango kilichowekwa. Malori haya karibu yote yameshavuka. Kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kinarahisisha mambo kwa anayeagiza gari la kawaida. Kwa lori la jeshi, tafuta wakala wa forodha mwenye leseni na uombe makadirio ya maandishi kabla ya kutuma hata shilingi. Kuna watu wa Kigoma wanaowaza njia fupi: lori lililo ng'ambo ya mpaka, Burundi au Kongo, bei ya mkono, linavushwa usiku. Gari lisilo na hati za forodha linataifishwa, na aliyeliuza hutamwona tena.

Hati ya asili nayo ina vituko. Lori la jeshi kwao halikuwa na kadi ya raia. Marekani hutoa fomu iitwayo SF-97 inayomwezesha mnunuzi kulisajili. Nchi nyingine zina hati zao za kuliondoa jeshini. Bila karatasi hiyo una chuma, huna gari. Na usishangae namba ya chasisi ikiwa fupi. Mengi yalitengenezwa kabla mtindo wa namba za tarakimu 17 haujaenea, na mengine hayakuufuata kabisa. Muhimu ni kwamba namba iliyogongwa kwenye chuma cha chasisi, ile iliyo kwenye kibati ndani ya kabini, na iliyo kwenye hati ziwe kitu kimoja.

Kibati hicho kisome polepole. Majeshi yana desturi ya kulifungua lori zima baada ya miaka kadhaa, kulikarabati na kulipigia kibati kingine chenye mwaka wa ukarabati. Muuzaji atakuonyesha hicho kipya. Lori la 1971 linakuwa la 1993 kwa misumari minne. Kodi inahesabu mwaka wa kutengenezwa.

Kisha inama kwenye tairi. Ubavuni kuna alama ya DOT na mwishoni mwake tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukikuta 1208, tairi ilitoka kiwandani wiki ya 12 ya mwaka 2008. Kashata zake zinaweza kuwa nzima kabisa, kwa sababu malori ya jeshi husimama zaidi kuliko yanavyotembea, lakini raba haisubiri. Pitisha kidole kwenye mpasuko mdogomdogo unaoanzia karibu na ringi. Tairi hiyo itabeba kabini tupu mpaka Manyoni bila neno, kisha itapasuka siku ya kwanza ya mzigo. Angalia na saizi. Za 9.00-20, au 12.00-20 za ZIL-131 na Bedford MK, unaweza kuzipata madukani ukizunguka. Ural na MAN za Kijerumani za KAT1 zinavaa 14.00-20, kila moja mzigo wa wanaume wawili kuinyanyua, na bei yake itakufanya ukae chini. Lori la ekseli tatu la aina hiyo lina tairi sita, weka na ya akiba. Kusimama kwa muda mrefu kunaua pia sili, mipira ya breki na mipira ya maji. Kilomita chache kwenye dashibodi zisikupe usingizi.

Tuje kwenye sifa yenyewe: "linapita popote". Sehemu ni kweli. Tairi zote zinavuta, sakafu iko juu, difu zinafungwa ili tairi iliyo hewani isiibe nguvu zote. Lakini udongo mweusi wa mbuga haushindwi kwa nguvu za injini. Unashindwa kwa kutouchimba. Mwanamke aliyevaa viatu vya kisigino anazama pale ambapo mwenzake wa kandambili anapita, ingawa uzito wao ni mmoja. Kinachotofautisha ni ukubwa wa unyayo. Lori la jeshi hubadilisha unyayo kwa kupunguza upepo. ZIL-131, Ural na aina nyingine kadhaa zina mfumo unaomruhusu dereva kushusha na kupandisha upepo wa tairi akiwa kabini, gari likitembea, mpaka chini ya baa 1. Tairi inatanuka, inakaa bapa, lori linaelea juu ya tope. Ukifika barabara nzuri unarudisha upepo.

Sasa mfumo huo ndio wa kwanza kufa. Mirija ya hewa inayopita ndani ya ekseli inavuja, fundi anaziba, na kuanzia siku hiyo una lori zito lenye tairi ngumu, ambalo mbugani linazama kuliko Fuso kwa sababu lenyewe tupu lina tani sita, saba, nane. Nani atalivuta? Ukienda kukagua, jaribu upepo kabla ya kujaribu injini. Na dereva afundishwe kwamba difu loki ni ya tope tu. Kwenye lami kavu tairi za mbele na za nyuma hazizunguki sawa unapokata kona. Zikiwa zimefungwa pamoja, nguvu inatafuta pa kutokea, na hutokea kwa kuvunja shafti.

Hadithi nyingine, tamu zaidi huku Kigoma: kwamba injini za jeshi zinakula mafuta yoyote, kwa hiyo hata mawese yetu yatafaa. Chanzo chake ni cha kweli. Lori la Kimarekani la M35 liliwahi kufungwa injini iliyobuniwa kukubali dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege na hata petroli wakati wa dharura. Kukubali wakati wa vita si kuishi nayo. Na mawese ni kitu kingine kabisa. Chukua chupa ya mawese asubuhi ya kipupwe Buhigwe au milimani Kasulu, iinamishe: nusu ya chini ni rangi ya chungwa iliyoganda, haitiririki. Hicho ndicho kitakachokuwa ndani ya chujio na pampu. Yakipita kwa kupashwa moto, yanaacha gundi kwenye nozeli na kuharibu oili ya injini. Yapo mafuta ya dizeli yanayotengenezwa kwa mimea, lakini hayo yamepita kiwandani yakabadilishwa. Si dumu la sokoni Kibirizi. Lori la ZIL-131 lenyewe halina cha kujadili: injini yake ya asili ni V8 ya petroli, lita 6, nguvu farasi 150.

Hapo kwenye petroli ndipo hesabu inapouma. ZIL-131 inakunywa kiasi cha lita 40 kwa kilomita 100, na mzigo iliyobuniwa kubeba ni tani 3.5 nje ya barabara, tani 5 kwenye lami. Dar es Salaam hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Kwa kilomita 850 utamwaga lita 340, yaani lita 68 kwa kila tani hata ukijaza tani zote 5. Fuso la tani 7 linalotumia lita 22 kwa kilomita 100 litamaliza safari ileile kwa lita 27 kwa tani. Zaidi ya mara mbili! Ural ya dizeli, 4320, iliyoanza kutengenezwa 1977, ina nafuu, lakini si nafuu ya kushindana kwenye lami. Ndiyo maana naona anayenunua lori la jeshi kwa ajili ya safari ndefu amenunua chombo cha kazi ya mtu mwingine. Kazi yake ni kilomita 30 za mwisho: magogo kutoka msituni Sikonge mpaka barabarani, tumbaku kutoka chama cha msingi kilichozingirwa na maji, bomba na mitambo ya kuchimba visima, mzigo wa vijiji vya Uvinza visivyofikika mwezi wa tatu. Kule hushindani bei kwa tani na Fuso, kwa sababu Fuso halipo.

Mizani nayo ina la kusema. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito ya 2016, iliyoanza kutumika nchini 2019, inaangalia kila ekseli na idadi ya tairi zake. Ekseli ya nyuma yenye tairi nne inaruhusiwa tani 10, na jozi ya ekseli zenye tairi nane tani 18. Lori la jeshi kwa kawaida lina tairi moja moja kila upande, hata nyuma, ili zote zipite kwenye mkondo mmoja topeni. Ekseli ya tairi mbili inapewa kiwango kidogo zaidi. Nguvu za chasisi hazikusaidii pale mizani.

Kutokana na hayo mafundi wamebuni dawa: toa ekseli za jeshi nyuma, weka za Scania zenye tairi mbili mbili. Inawezekana, na nimeona zinatembea. Ila kama unataka ekseli ya mbele iendelee kuvuta, uwiano wa difu ya mbele na wa nyuma lazima ulingane, na vimo vya tairi vilingane. Visipolingana, mbele na nyuma zinagombana kila mita. Wengi huishia kuchomoa propela ya mbele. Wakati huo wamelipa gharama zote za lori la jeshi wakabaki na lori la kawaida lililo refu kupanda.

Kubadili injini ya petroli kuweka dizeli ni mabadiliko yenye akili zaidi, mradi hesabu ya mizunguko ifanywe kwanza. V8 ya ZIL inafika mizunguko 3,200 kwa dakika, na hapo lori linakwenda kilomita 80 kwa saa. Ukiweka dizeli inayokoma 2,600, bila kugusa gia wala difu, mwendo wa juu unashuka mpaka 65. Kwa kazi ya msituni hiyo si hasara. Angalia pia umeme: malori mengi ya nchi za NATO ni ya volti 24, sawa na Fuso na Scania, kwa hiyo fundi wa malori haoni kipya, lakini ZIL-131 ni volti 12, na stata ya injini mpya huenda ikawa ya 24. Na tabia ya kuchota volti 12 za redio kutoka betri moja kati ya mbili huiua betri hiyo mapema, kisha lawama zinaangukia alteneta.

Ukigusa injini, umegusa kadi. Namba ya injini, rangi, aina ya bodi na uzito vimeandikwa TRA. Kimoja kikibadilika, kadi ibadilike, la sivyo trafiki ana haki ya kukusimamisha na bima ina sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali. Rangi ya kijani ya mabakabaka ibadilishe mapema. Mwezi Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo. Tangazo lilihusu nguo, lakini linakuonyesha jicho la mamlaka lilivyo kwa raia anayejifananisha na jeshi, na lori la mabakabaka likipita Usoke usiku litasimamishwa kwa maswali ambayo lori jeupe haliulizwi. Taa ndogo za kujificha za vitani zitoe, weka taa kamili na viakisi mwanga. Usukani, kwa malori ya Kirusi, Kijerumani na Kimarekani, uko kushoto. Tandiboi wako atakuwa ndiye jicho la kuovateki. Dereva awe na leseni daraja E, na ukibeba mizigo ya watu kwa malipo, LATRA wanahitaji leseni yao.

Mabenchi ya askari nyuma yang'oe. Yakibaki, siku ya mnada wa ng'ombe kijiji kizima kitataka lifti, na lori la mizigo halina ruhusa ya kubeba abiria wala bima yake haiwahesabu.

Winchi ya mbele usiuze. Mafundi wataitaka, chuma chakavu wataitaka, na bei watakayotoa itakuwa nzuri. Ile inayozungushwa na injini yenyewe, siyo ya betri, inaweza kuvuta siku nzima bila kuungua, ikijitoa yenyewe au ikitoa wengine. Kuna wenye malori ambao mapato yao ya Februari na Machi yanatokana na kuvuta waliokwama kuliko kubeba mzigo. Badilisha waya uliochakaa kabla ya mvua, na wakati wa kuvuta mtu yeyote asisimame mahali waya utakapofyatukia ukikatika.